Pomaa Hatoi Mkono Damu Ikishuka

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Pomaa Nketia amechuchumaa kando ya kitanda cha turubai katika ukumbi wa kanisa kijijini Bonwire, nje ya Kumasi. Mkono wake wa kulia unaubembeza mfuko wa damu taratibu, kushoto, kulia. Mzee mmoja anaingia na kunyoosha mkono. Pomaa anainamisha kichwa tu.

"Wewe binti, wazee huwasalimii?"

"Nisamehe, Nana," anasema Pomaa, akitumia jina la heshima la wazee. "Mkono una kazi."

"Mwache!" anafoka Nana Safo, mwenye miaka sabini na mmoja, kutoka kiti cha mlangoni. "Mimi ndiye niliyemponza mara ya kwanza. Kaa, kunja mkono wa shati, utobolewe!"

Ukumbi mzima unacheka.

Pomaa, miaka 44, anafanya kazi kwenye benki ya damu ya hospitali moja mjini Kumasi. Machi mwaka jana alikuwa ukumbini humu akimtoa damu kaka wa Kwasi Barnieh, mfumaji wa vitambaa vya kente mwenye himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Damu ya Barnieh imepungukiwa kigandishi kimoja, yaani protini inayoifanya igande, hivyo akiumia hutegemea plazma, yale maji ya manjano ya damu, kutoka kwa wengine.

Nana Safo akaingia na wazee wanane. Kusalimia kwa mkono wa kushoto ni matusi. Pomaa akauweka mfuko chini, akawasalimia wote tisa kuanzia kulia. Aliporudi, mfuko ulikuwa umejaa na una vibonge.

"Dawa ya kuzuia damu kuganda imo mfukoni tangu kiwandani," anasema. "Lakini usipoichanganya, damu inaanza kuganda, na vigandishi ninavyovitafuta vinaishia humohumo."

Mfuko ukatupwa. Wiki ile goti la Barnieh likavimba na plazma haikuwapo. Hakukalia kitanda chake cha kufumia kwa wiki saba.

"Nilikwenda kwake nikamwambia ni mimi niliyeharibu," anasema Pomaa. "Akaniambia, 'Mama, ulikuwa unasalimia wazee. Nani hapa angefanya vingine?' Nililia pale pale. Kisha nikaenda kwa Nana Safo. Mtu wa hadhi yake haambiwi mambo kama hayo, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Namshukuru mpaka leo."

Tangu siku hiyo Nana Safo huja kila mara damu inapotolewa, kuwazuia wenzake.

Mkono ni nusu ya kazi. Dawa hiyo huzuia damu kuganda kwa kuishika kalisi, madini yaliyomo kwenye damu, na kigandishi anachokihitaji Barnieh huitegemea kalisi hiyohiyo. Kwa hiyo saa zinavyopita, kinadhoofika. Plazma lazima itenganishwe na kugandishwa kwenye friza kabla hazijapita saa nane tangu damu itolewe. Mfuko usiojaa nao Pomaa haukubali kwa plazma.

"Dawa imepimwa kwa mfuko mzima," anasema. "Ukitia nusu, ni supu kidogo yenye chumvi ya sufuria nzima."

Leo ana haraka. Siku ya Jumanne, Barnieh atang'olewa jino. Kwa wengine ni jambo dogo. Yeye jino alilong'olewa mara ya mwisho lilimtoa damu siku tisa, akaongezewa damu mara tatu.

Watu 22 wanachangia, mifuko 19 inafaa. Gari linaondoka saa sita. Saa tisa na nusu plazma yote imo kwenye friza, Kumasi.

Siku ya Jumanne, Barnieh anatundikiwa plazma hiyo, jino linang'olewa. Jumatano asubuhi anampigia Pomaa simu.

"Mama, nimetema mate."

"Yakoje?"

"Meupe. Meupe kabisa! Wasalimie wote waliotoa."

Pomaa anacheka huku akifuta macho. Mwezi ujao anakwenda Adanwomase, kwa mchonga vigoda wa miaka 26 mwenye ugonjwa huohuo.

"Huyu sitaki nisubiri aumie," anasema. "Nataka akijikata, plazma yake iwe inamsubiri."