Fundi anayeogopa kazi ya mikono yake

Saa moja asubuhi abiria wanaanza kukusanyika gatini, na fundi Nyundo yumo tayari chini kabisa ndani ya kivuko, amepiga magoti. Ameinua mbao za kukanyagia na kuziegemeza pembeni. Anapitisha kiganja juu ya mbao za chini, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto kujua kama ana homa.

Pakavu. Hata hivyo anarudia kupapasa.

"Usinikodolee macho, mwanangu, shika taa," anamwambia mwandishi. "Na ukitaka kuniuliza kitu, njoo upande huu. Sikio la huko limeshakufa."

Nyundo ni jina la kazi. Lile la kuzaliwa analitumia zahanati tu. Ni fundi kalafati. Huziba mianya ya mbao za vyombo vya baharini kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, akiishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Baba yake alikuwa kalafati, na babu yake pia, enzi ambazo mji huu mdogo ulijenga meli za milingoti mitatu na watu waliamshwa na kelele za kiwandani.

Leo hapo kiwandani panauzwa matairi yaliyotumika. Njia ya mawe iliyoteremsha meli baharini imeota majani, na akina mama wameanika nguo kwenye pete za chuma zilizokuwa zikifungiwa kamba. Kati ya makalafati wote amebaki yeye peke yake. Mji unajivunia fundi huyu mbele ya kila mgeni, kana kwamba kiwanda bado kipo.

Sifa hizo ndizo zinazomnyima usingizi.

"Kazi hii ni ya masikio," anasema. "Pamba ikiwa haijajaa, nyundo inatoa mlio mzito, dufu, dufu. Ikijaa, mlio unakuwa mkavu. Hapo unaacha. Ukizidisha, umeharibu."

Kuzidisha ni kosa ambalo kalafati peke yake anaweza kulifanya, na ni baya kuliko kupunguza. Chombo kikikaa nchi kavu, mbao husinyaa na mianya hupanuka. Kikirudi majini, mbao hunywa maji zikavimba. Pamba ikiwa imeshindiliwa kupita kiasi, mbao hukosa pa kuvimbia. Husukumana mpaka misumari ikaanza kulegea. Siku za mwanzo chombo huwa kikavu na kila mtu humsifu fundi. Kinaachia baadaye, ghafla, pengine katikati ya maji na watu wamejaa.

Kivuko hiki alikiziba sikio likiwa limeshazima, na lile la pili likisikia kwa shida. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Nilikuwa sijui kama imejaa, basi nikaongeza. Nikaogopa kitavuja, nikaongeza tena. Sasa kila asubuhi nashuka humu. Wanadhani ni bidii. Ni hofu, mwanangu. Hofu tupu."

"Labda kimepona, mama," mwandishi anamwambia.

Hasikii, au hataki kusikia.

Juu yao mbao zinatikisika kwa miguu ya abiria. Binti yake wa pekee ni mwalimu wa shule iliyo ng'ambo, na huvuka kila siku pamoja na wanafunzi. Leo pia yumo. Sauti yake inasikika ikimkaripia mtoto aketi.

Kiganja cha Nyundo kinasimama. Anakirudisha nyuma, anajaribu kwa ukucha mahali ubao unapokutana na ubavu wa kivuko. Ukucha unapenya.

"Jana haukuingia," ananong'ona. Kisha anapiga kelele. "Mungu wangu! Shusheni watu!"

Anapanda ngazi akijikwaa. Nahodha, mtoto wa kaka yake, ameshawasha injini.

"Shangazi, kwani kunavuja?"

"Hakuvuji. Shusha watu!"

"Sasa kama hakuvuji, niwashushe kwa nini? Watu wanachelewa kazini."

Abiria wanaguna. Mwingine anasema bibi kaamka vibaya leo, na wenzake wanacheka. Nyundo anawatazama, anamtazama binti yake, anajikaza.

"Mimi ni kiziwi," anasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Hiki chombo nimekiziba bila kusikia. Ubao umeanza kuachia. Nawaomba, jamani, shukeni."

Hakuna anayecheka tena. Nahodha anazima injini. Watoto wanashuka, na mwalimu wao anashuka wa mwisho, anamshika mama yake mkono na kumpeleka nyumbani.

Jioni kivuko kiko nchi kavu. Nyumbani, mumewe anamwekea chai mezani na kuketi upande wa sikio linalosikia.

"Kumbe muda wote huu nagombana na mtu asiyesikia," anamtania. "Nirudishie maneno yangu."

Nyundo anacheka, kisha anafunika uso kwa mikono na kulia.

Kivuko kitafumuliwa pamba yote na kuzibwa upya, na hilo halimsumbui. Kinachomtisha ni chombo kingine, chenye mbavu za kijani, alichokiziba baada ya sikio kuzima. Wenyewe walikuwa wageni waliopitia tu; walishukuru, wakapakia mizigo, wakaondoka. Hajui majina yao wala walikoelekea.

Kesho ataanza kufuata pwani, gati kwa gati, kukitafuta. Binti yake ameomba ruhusa shuleni amsindikize.

"Njia naijua, ningeweza kwenda mwenyewe," anasema Nyundo. "Lakini nikiuliza, halafu mtu akajibu kwamba kile chombo kilizama, nataka asikie yeye kwanza. Aje aniambie polepole."