Kombe la Kaka Nililokunywa Mimi

Uboho wangu ulitolewa nyongani kwa sindano, kule Bombay, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukatiwa kwenye mshipa wa kaka yangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mdadisi wa kupindukia. Nilimchosha daktari wa huko kwa maswali. Alinieleza kwamba dawa kali za kumtayarisha kaka ziliua uboho wake mgonjwa, zikachubua na utumbo, zikavuruga hata vijidudu vinavyoishi humo, ambavyo vingi vina manufaa. Sikujua kumbe tumboni mwangu nina wapangaji wengi kiasi hicho.

Tuliporudi nyumbani Ndia Kuu, kaka akaanza kuharisha na viganja vikamwiva vyekundu. Daktari wetu wa Mombasa alimpima, kisha akanitazama mimi. Chembe zangu za kinga zilizoingia na uboho, alisema, zimeuona mwili wa kaka kuwa mgeni na zinaushambulia, na vijidudu vinavyopenya kwenye utumbo uliochubuka vinazidi kuzichochea. Akaongeza dawa ya kuzituliza. Akapiga marufuku mtindi, kachumbari na maji yasiyochemshwa, maana kijidudu kimoja kibaya kingeweza kumuua.

Niliona aibu, kana kwamba nimempiga mtu usingizini. Lakini, Mungu anisamehe, nilitamani pia kuziona hizo chembe. Nilikuwa nikikodolea macho bakuli la mtindi jikoni, nikijiuliza nani anaishi mle na anamjua nani tumboni mwangu.

Asubuhi moja nilimkuta nyanya yetu kando ya kitanda na sahani nyeupe mkononi. Alikuwa ameandikiwa kombe na mwalimu wa chuo cha Kurani: aya kwa wino wa zafarani, ambazo huoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Maji aliyateka kisimani uani. Nilimpokonya sahani ikiwa karibu na midomo ya kaka.

"Wamnyima nduguyo maneno ya Mungu?"

"La, nyanya. Ni haya maji, hayakuchemshwa. Na matumbo yake yana vidonda."

"Vidonda vyaletwa na nani?"

Nikamweleza habari za chembe zangu, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza vizuri kuliko darasa langu lolote.

"Kwa hivyo mwenye ukorofi ni weye."

"Ni chembe zangu, nyanya."

"Basi wa kutibiwa si yeye. Kunywa weye."

Nilitafuta kosa katika hoja yake, sikuliona. Nikanywa lote, nikisikia ladha ya zafarani na chumvi ya kisima. Kaka alikuwa akicheka bila sauti, midomo imempasuka. Kisha akaacha kucheka, akaninyooshea kiganja chake chekundu.

"Ziambie mimi ni nduguyo," akasema.

Nikaziambia, kwa sauti, na nyanya akaitikia amina. Zilichukua miezi minne kusikia.