Koti Yangu Kwenye Kona ya Blanketi

Leo koti yangu imekatwa na makasi mbele ya macho yangu, na sikuweza kusema ni yangu.

Narudi nyumbani hapa mtaani Baba Dogo, nakuta akina mama wa ploti tunayopanga wamekaa uani na vile vipande vyao vya vitambaa. Ati wanashona blanketi ya viraka. Kelele tupu!

"Bado kona moja, Mama Brayo! Maliza, dada, usituangushe!"

Mama Brayo ni bibi yangu wa ndoa. Na anachokata ni mkono wa koti yangu ya bluu. Eastlands nzima hakuna mwanaume amewahi kuvaa koti kama hiyo.

Nikanguruma mpaka kuku wakakimbia. "Wee! Hiyo ni..."

"Ni nini, Baba Brayo?" akauliza Mama Atieno, jirani mwenye mdomo. "Maana koti yako ulituambia iliibiwa sokoni Kariokor, ukawapiga wezi mpaka wakaita mama zao."

Bibi yangu hata hajainua kichwa.

Sikieni. Wale wezi niliwapiga kweli. Koti niliificha chini ya kitanda kwa sababu za usalama, si ati tumbo lilikataa kuingia.

Nikasema, "Hiyo ni mishono mibaya."

Wakacheka mpaka wakashikana. Kisha wakampigia makofi, akamaliza kona.

Wanaume wenzangu, ningesema nini hapo?

Basi wezi wa koti yangu nimewajua leo. Wako uani kwangu, wameshika sindano, na hakuna hata mmoja ninaweza kumgusa.