Lenzi ya Marehemu na Mpira wa Baiskeli

Nakumbuka siku ile kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu: siku Shangazi Tatu alipoupiga teke mlango wa chumba changu kule Temeke na kunipasulia ukweli, nami nimeshika lenzi mkono mmoja na mpira wa baiskeli mkono wa pili. Wewe umenijia hapa Chanika na kamera yako mpya ya dijitali. Umesikia kuna bibi ana lenzi ya zamani, ya zile kamera kubwa, unataka kujua itakaaje kwenye hicho kidude chako chembamba. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili ukaenda zako, lakini chai yangu umeshainywa. Basi tulia usikilize.

Nilikuwa mjane na bado kijana. Mume wangu, Selemani, alikuwa mpiga picha. Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, yenye korido katikati. Chumba cha mbele kilikuwa studio. Cha ndani tulikuwa tunalala, na ikifika kazi tunaziba dirisha kwa blanketi zito, kinakuwa dakrumu, chumba cha giza cha kusafishia picha. Yeye anapiga, mie nasafisha. Mtoto Mungu alikuwa hajatujalia. Selemani akashikwa na homa, hata hatujajua ni homa gani, akaondoka. Nyumba ilijaa watu siku za matanga, wakala, wakalia, wakatawanyika, nikabaki mie na kamera mbili.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya filamu pana, ile aliyopigia maharusi. Mwili wake ulikuwa umeshakufa kabla ya mwenyewe, kile kipazia cha ndani kinachopitisha mwanga kimeganda hakifunguki, na fundi wa kukifungua hakuna aliyemjua. Lakini lenzi yake, loo, ilikuwa safi kabisa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya filamu nyembamba. Hiyo mwili ulikuwa mzima, ila lenzi yake ilikuwa imeota kuvu kwa unyevu wa Dar, kila picha inatoka na moshi. Kwa hiyo nina lenzi nzima isiyo na kamera na kamera nzima isiyo na lenzi, na kitako cha moja hakiingii kwenye mdomo wa nyingine.

Nikaingia eda. Wewe ni mtu wa bara, labda hujui: sie mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani mpaka muda wake utimie. Hatoki, hapaki wanja, hajifukizi udi. Nikiwa humo ndani, akaja shemeji yangu, kaka yake marehemu, akakaa pale mkekani, akasema kwa upole, "Shemeji, eda ikiisha nitakupeleka kwenu Kilwa. Hivi vyombo nitavitafutia mtu avichukue. Studio bila kamera ni chumba tu."

Hakuwa mtu mbaya, na huo upole wake ndio ulioniuma zaidi. Kilwa nilijua kinachonisubiri: kona ya nyumba ya baba, kuosha vyombo vya wake za kaka zangu, na kungoja mtu wa kunioa nisiyemchagua mie. Kazi nilikuwa naijua. Nikapiga moyo konde nikamwambia, "Nikikuonyesha picha ya mtu, picha ya kueleweka, niliyoipiga kwa lenzi hii kabla eda haijaisha, utaniacha niendelee?" Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema, "Nionyeshe, shemeji, nami nitakuacha." Hapo ndipo maisha yangu yote yalipokaa juu ya picha moja.

Sasa sikiliza, hii ndiyo uliyoijia. Lenzi ya kamera kubwa imezoea kukaa mbali na filamu. Ukiibandika puani mwa kamera ndogo, haioni kitu. Lazima uipe nafasi yake, na nafasi hiyo uizibe pande zote mwanga usipenye. Nikachukua kifuniko cha plastiki cha mdomo wa ule mwili mdogo, nikakitoboa katikati kwa kisu cha moto. Nikakata kopo la maziwa, nikalibandika pale. Lenzi mbele. Nikapiga, nikasafisha, picha ikatoka nyeupe nyeupe, imefifia, kama unatazama kupitia chandarua. Nilikaa na ile picha nikiilaani. Kumbe kopo ndani linang'aa! Lenzi ile inamwaga mwanga mwingi kuliko kamera ndogo inavyoweza kupokea, na unaobaki unagonga kuta za kopo unarudi kwenye filamu. Nikakwangua masizi ya sufuria, nikachanganya na gundi, nikapaka kopo lote ndani likawa jeusi. Hicho kipete chako cha kuungia lenzi na kamera, ulichoagiza mtandaoni, kichungulie ndani. Kikiwa kinang'aa, kitie weusi, usijitie hamnazo.

Kopo nalo likawa refu mno. Cha karibu nakiona, cha mbali hakishiki. Nikalikata, likawa fupi mno. Nikachoka na makopo, nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli ya marehemu, nikaupasua, nikaushona mara mbili ukawa kama mkono wa kanzu, upande mmoja umekumbatia lenzi, upande mwingine umekumbatia kifuniko. Nikiusukuma lenzi inaingia, nikiuvuta inatoka. Jicho liko dirishani pa kamera, mkono ndio unaotafuta. Nilipoona mtungi wa maji umenyooka mbele yangu, ukingo wake wote umekaza, nililia kwa sauti.

Lakini nikwambie lililokuwa linaendelea huko koridoni. Wanawake walikuwa wanakuja kunikalia. Ndiyo desturi yetu, mjane haachwi peke yake. Anakuja mmoja na uji, mwingine na maneno tu. Mie sikuwataka. Kila aliyefungua mdomo alisema "pole, ndio kazi ya Mungu," nami moyo unachemka. Nikagundua dawa. Akibisha mtu nasema kutoka ndani, "Nina filamu, msifungue, mwanga ukiingia itaungua!" Wote walikuwa wanajua mambo ya dakrumu, Selemani aliwafundisha miaka yote kwamba mlango ule ukifungwa haufunguliwi. Wanarudi. Siku nyingi hapakuwa na filamu yoyote. Nilikuwa nimekaa sakafuni gizani, mchana kweupe, blanketi dirishani, naushika ule mpira.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa Mama Anjelina. Huyu alikuwa mwalimu, Mkristo, mtu wa Iringa, mlango wake unatazamana na wangu. Hata hakujua vizuri eda ni nini, lakini kila akitoka shuleni anabisha. "Mama, ni mie jirani yako." Nami, "Filamu!" Anasubiri pale nje kidogo, kisha nasikia kandambili zake zinarudi. Mwisho wakaacha kubisha wote, hata yeye. Nyumba ina wapangaji tele, nasikia vijiko vyao, nasikia watoto wao wakipigwa mswaki, na mie hakuna aniitaye jina. Usione nacheka nikisimulia. Upweke ule niliuita mwenyewe, na ulipokuja sikujua pa kuuweka.

Ndipo akatokea Shangazi Tatu, dada yake baba, katoka Kilwa kwa basi, vumbi bado liko miguuni.

"Mwajuma! Fungua!"

"Shangazi, nina filamu, itaungua!"

"Iungue!"

Akapiga teke. Na siku hiyo, mwanangu, filamu ilikuwepo kweli. Ikaungua yote. Shangazi akalivuta blanketi likaanguka, jua likanipiga usoni, akanitazama nilivyokonda na masizi mashavuni.

"Ebo! Umekaa eda au umejizika? Dini imekukataza kutoka na kujipamba. Majirani nao imekukataza? Nimeambiwa hapo koridoni, watu wanaleta uji wanaurudisha umepoa! Filamu, filamu, filamu gani hiyo isiyoisha?"

"Natafuta picha ya kumwonyesha shemeji, Shangazi. La sivyo narudi Kilwa."

"Picha ya nani?"

Nilikuwa na picha ya mtungi, ya kiti, ya kitasa cha mlango.

"Nakuuliza, Mwajuma, picha ya nani? Umelitengeneza jicho la marehemu likaona. Linamwona nani humu?"

"Basi kaa wewe, nikupige."

"Mie sikai ng'o! Kamwombe uliyemfukuza."

Alikuwa mkali yule mwanamke, na mkono wake mzito. Lakini alikuwa ameanza kulia huku ananigombeza, nikaona haya kuliko kama angenichapa. Nikajifunika kanga, nikavuka korido, hatua chache tu zile. Nikabisha kwa Mama Anjelina. Alifungua na chaki mkononi. Nikasema, "Dada, naomba uje ukae nikupige picha." Nilikuwa nimetayarisha na maneno ya kuomba radhi, hakuyangoja. Yeye akasema tu, "Ngoja nivue aproni."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikaweka jicho, nikaushika mpira. Kamera ndogo inachukua kipande cha katikati tu cha lenzi ile, kwa hiyo sikupata kiti wala pazia, nilipata uso wake mtupu. Nikausukuma, nikauvuta, mpaka kope zikakaza. Na hapo nikaona machozi yamejaa.

"Dada, vipi?"

"Mara ya mwisho nilipokaa kwenye kiti hiki, Selemani alikuwa anaushika mkono wa mwanangu Anjelina amwelekeze pa kutazama," akasema. "Mumeo alikuwa kama ndugu yangu hapa mjini. Sina mwingine. Nilikuwa nakuja kukupa pole na mie nipewe."

Nilidhani nimefiwa peke yangu. Nikapiga.

Shemeji alipokuja, nikampa picha bila maneno. Akaitazama muda mrefu, akauliza, "Huyu mwalimu mbona analia?" Nikamwambia, "Anamlilia kaka yako." Akaiweka magotini, akaziba uso kwa kofia yake, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa hajalia tangu makaburini. Baadaye akasema, "Baki, shemeji." Nikabaki, na studio ile ikanilisha mpaka simu za picha zilipokuja kutuondoa wote.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, na nazisema wazi usije ukasema bibi alizungukazunguka. Lenzi usiikate kitako ili iingie kwenye kamera yako. Kamera nayo usiilazimishe. Tengeneza kile cha katikati, kipe urefu wake, kitie weusi ndani, uwe na subira. Na ukipata huzuni, maana utapata, usijifungie na kazi ukasema unafanya kazi. Aliyekuja kukupa pole huenda naye anaitafuta. Mkaribishe hata kama maneno yake ni yaleyale.

Usidhani mie nilijifunza nikapona. Shangazi kafariki, Mama Anjelina karudi kwao Iringa, na huku viwanja ni vikubwa, kila mtu na ukuta wake. Kuna siku sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikiwafukuza kuku. Nasema hivi bila aibu.

Chukua lenzi, ni yako. Mungu akutie nuru machoni, akupe mikono yenye subira, akuletee watu wa kuwatazama na wao wakutazame, na kila unayempenda akukute nyumbani. Amina. Haya, nenda salama, mwanangu, barabara ya huku ni mbaya.

Au kaa kidogo. Wali upo jikoni, na mie sijapigwa picha siku nyingi.