Siku Konvata Ilipogoma Kukaa

Kuna watu wanaojisifia sauti zao, wengine sura, wengine shamba walilorithi huko Kiambu. Mimi nilijisifia vidole. Ungefika gereji yetu ya Westlands, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maghorofa ya ofisi, ungenisikia kabla hujaniona, nikiwaeleza wateja kwamba giaboksi ya otomatiki haitengenezwi kwa macho bali kwa kupapasa. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Anayeendesha gari la otomatiki huenda hajui kwamba kati ya injini na giaboksi yake kuna kitu kizito cha mviringo, mfano wa sufuria mbili zilizounganishwa midomo na kuchomelewa. Ndani yake kumejaa oili. Hiyo ndiyo konvata, nayo huchukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya kumtenganisha fundi na mbabaishaji. Unaiinua kifuani, unaichomeka kwenye mhimili wa giaboksi, kisha unaizungusha polepole huku ukiisukuma. Inatumbukia mara ya kwanza, halafu ya pili. Ile ya tatu ni ndogo sana, mguso tu kwenye ncha za vidole, konvata inaposhikana na pampu ya oili. Ukiikosa hiyo ya tatu kisha ukakaza bolti kwa nguvu, pampu umeivunja. Gari litanguruma lisisogee, na mwenyewe atakutafuta.

Kwa hiyo kwetu ilikuwa sheria: konvata ikiingizwa, redio inazimwa na kila mtu ananyamaza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tuliendesha gereji pamoja, alikuwa na rula ya chuma ya kupimia kama konvata imezama vya kutosha. Niliicheka rula hiyo miaka nenda miaka rudi. "Hiyo peleka shule," nilikuwa nikimwambia. Aliifuta tu na kuirudisha mfukoni, maana mkono wangu ulikuwa haujakosea.

Asubuhi hiyo tulikuwa na gari la mama mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa hapo hapo Westlands, mteja wetu tangu mumewe akiwa hai. Lilikuwa likitetemeka kila alipopanda mlima akitoka kwake Kileleshwa. Konvata ilikuwa imechoka, tukamtafutia nyingine. Alikuja mwenyewe kusimamia kazi, akakalia kiti cha plastiki, mkoba magotini. Huyo si mtu wa kuacha mali yake mikononi mwa wanaume wawili wenye maneno mengi.

Redio ikazimwa. Nikamimina oili ndani ya konvata, nikaiinua, nikaichomeka, nikazungusha. Ikatumbukia. Ikatumbukia tena. Nikaendelea kuzungusha, nikahisi ile ya tatu, nikajipangusa mikono kwa tambara.

"Imekaa," nikasema. "Washeni redio."

Shemeji aliipandisha giaboksi kwa jeki mpaka kwenye injini, akaingiza bolti mbili za kwanza kwa mkono, kisha akasita.

"Hii kitu bado, shemeji."

"Imekaa."

"Haijakaa. Kuja uone, hapa kati ya giaboksi na injini kidole kinapita."

"Ni jeki yako imelala upande. Kaza, itajipanga. Usiniaibishe mbele ya mteja."

Akaweka spana chini. Sikuamini. Miaka yote hiyo hakuwahi kunikatalia kazi. Nikaiokota spana mwenyewe, hasira zimenipanda kichwani, naye akaja akasimama kati yangu na gari.

"Ukikaza hiyo bolti, mimi naenda home na sirudi."

Nilimtazama nikaona hatanii, nikampisha. Aliishusha giaboksi, wala hakutafuta rula yake. Aliweka viganja juu ya konvata na kuizungusha kidogo tu. Ikazama. Sote tuliiona ikizama, hata mama pale kitini, akainua shingo.

Ule mguso nilioutangaza haukuwepo. Zile mbili za kwanza ni nzito, nilizipokea kwa mabega. Ya tatu niliitunga mwenyewe kichwani, nikaiamini, nikashika spana kugombana na ndugu wa mke wangu.

Nilirudi nyuma, nikaegemea gari jingine lililokuwa na boneti wazi, ambalo shemeji alikuwa ametoka kulijaribu barabarani. Nilikuwa bado natafuta neno la kusema, la kumkaripia au la kumwomba radhi sijui, mama aliporuka kutoka kitini na kupiga yowe.

"Fundi! Mkono! Toa mkono!"

Kwanza niliisikia harufu, ya nyama iliyosahauliwa jikoni. Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya bomba la moshi, pale linapotoka kwenye injini, mahali ambapo fundi yeyote hupakwepa hata usingizini. Ulikuwa unaungua. Shemeji aliuvuta kwa nguvu, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye bomba. Nikabaki nimeukodolea macho. Harufu niliipata, yowe nililisikia, lakini maumivu hayakuja. Niliyasubiri. Hayakuja.

"Huskii uchungu?" mama akaniuliza.

"Naskia," nikadanganya.

"Wacha uongo. Mzee wangu alianza hivyo hivyo. Saa hii tunaenda kwa daktari, na hiyo gari itangoja."

Gari lake likiwa limeinuliwa bila giaboksi, aliita teksi kwa simu. Foleni ikatunasa kama kawaida yake, nami nimekaa nyuma na mkono uliofungwa kitambaa chenye maji. Kwa siri niliingiza ule wa kulia mfukoni, nikajaribu kutofautisha ufunguo na sarafu bila kutazama. Nikautoa haraka kabla sijapata jibu. Kisha nikalikumbuka gari la mwalimu mmoja lililoturudia na pampu iliyopasuka, nami siku hiyo nikamtukana aliyetuuzia pampu, tukafunga nyingine. Ada ya watoto, kodi ya nyumba, jina langu Westlands, hata makelele yangu, vyote vilikuwa vinatoka kwenye vidole.

"Mama, naogopa," nikamwambia. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu maneno hayo.

"Unafanya kazi na mkono gani?"

"Wa kulia ndio wa kusikiliza."

"Basi tuombe huo uwe mzima," akasema, akageuka kutazama dirishani.

Kliniki ilikuwa Hurlingham, juu ya duka la dawa. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, alisafisha kidonda na kukifunga. Alinipima sukari, akatazama mashine, akapima tena. Akaniuliza nina kisukari tangu lini. Nikamjibu kwamba sina, sijawahi kulala hospitali hata siku moja. Aliniuliza miguu iko vipi, nikasema huwa inakufa ganzi kidogo kwa sababu ya baridi ya sakafu ya gereji. Akaniambia nivue viatu.

Soksi ya kulia ilikataa kutoka. Ilikuwa imegandamana na kidonda chini ya kidole gumba, kidonda kipana, cha zamani, ambacho nilikuwa nikikikanyaga kila siku bila kujua. Mama alisema kitu kwa Kigujarati, polepole, akafunika mdomo kwa kiganja.

Daktari alitoa kifimbo chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. Akaniambia nifumbe macho, na kila atakaponigusa niseme ndiyo. Alianza na miguu. Nilisema ndiyo mara ya kwanza alipofika karibu na muundi. Nikajipa moyo: konvata haiingizwi kwa miguu.

"Sasa nipe mkono wa kulia," akasema. "Ni hivyo hivyo. Funga macho, nikikugusa uniambie."

Nikaunyoosha juu ya meza yake, nikafumba macho na kutega akili yangu yote kwenye vidole, kama ninavyofanya siku zote. Chini barabarani kuna mtu alikuwa akipiga honi. Mlango wa jirani ulifunguka na kufungika. Nilidhani daktari anaandika kitu, au anatafuta kifimbo chake, na kwa heshima nikaendelea kungoja. Nikamsikia mama akivuta kamasi.

"Anza tu, daktari," nikasema. "Niko tayari."

Kisha nikasikia kifimbo kikiwekwa mezani.

"Fungua macho, baba," akasema. "Nimeshamaliza."