Sahani ya Kapend

Siku moja naikumbuka kupita zote, mwanangu: siku kambi yetu ya matofali ilipoamka bila sauti ya mtoto. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbiza kuku, hakuna aliyegombea ukoko wa bukari, ugali wetu. Ungepita kati ya nyumba ungedhani ugonjwa umepita ukafagia. Kumbe watoto tulikuwapo, wazima wote, tumelala kifudifudi katika majani marefu nyuma ya kichuguu. Na waliotuficha huko walikuwa baba zetu wenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulikuja hapa Kapata umevaa shati jipya, ukasema umepata kazi ya ulinzi karibu na mgodi wa Musonoi. Nikashukuru Mungu. Halafu ukasimulia, kama mtu anayesimulia ujanja wake, kwamba mwenye kuandika watu kazi alikuuliza kama una familia, ukamjibu, "Niko peke yangu, patroni." Ukacheka. Na Kaj, binti yako, alikuwa amekaa mapajani mwako, anachezea kifungo cha hilo shati. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mtoto, na harufu ya moshi wa tanuru ikanirudia puani.

Sikiliza basi, wewe uliyepewa jina la baba yangu.

Baba yangu, Tata Nawej, alitoka Musumba, huko Kapanga, na mama yangu, Mama Kasang, wakati Wabelgiji bado wanatutawala. Alitafuta kazi ya mgodi hapa Kolwezi akakosa. Wa mgodi walikuwa na nyumba zao za mistari na posho yao ya unga na samaki. Sisi tulikuwa watu wa matofali, chini ya muzungu mmoja aliyelipa anavyotaka, leo hivi, kesho vile. Chini yetu walikuwapo wachoma makaa tu, na hao nao walitucheka.

Udongo wa matofali tuliutoa kwenye kichuguu kikubwa, kirefu kupita nyumba. Upande mmoja wanaume walichimba. Upande wa pili, chini yake, mama zetu walizika watoto wadogo, kwa sababu udongo ule ni laini na mtoto hapaswi kulala mbali na mamake. Hapo alilala ndugu yangu mdogo, Kapend. Juu ya kaburi lake mama aliweka sahani yake ya bati, ameitoboa katikati kwa msumari. Chombo cha marehemu hutobolewa, mwanangu, ili mzima asile tena ndani yake.

Sasa habari ikaja. Tata Ilunga, kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, alisema watu wa Bula Matari, yaani serikali, watafika kuweka mshahara wa chini kwa kazi zile zinazolipa vibaya kama yetu. Wakishauweka, hakuna muzungu atakayeruhusiwa kulipa chini yake. Ila kwanza watamuuliza kila mtu anakula nini, na anakula na nani.

Ungefikiri kambi nzima ilipiga vigelegele. Wapi! Hofu iliingia. Kwetu mtoto hahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja hesabu ya watoto wako mbele ya mgeni, umeonyesha kifo mlango wa nyumba. Na baba yangu alikuwa na sababu yake. Zamani kidogo, muganga wa sindano alimuuliza ana watoto wangapi, naye akainua vidole. Mvua za mwaka ule hazijaisha, Kapend akafa kwa homa. Tangu hapo baba hakuinua vidole vyake tena, hata kuagiza chumvi.

Basi wanaume wakapatana. Wake na watoto waingie majanini mpaka wageni waondoke. Aliyekataa ni mmoja, Mama Mbombo, mwanamke mzee kuliko wote. Alikaa karibu na tanuru akasema, "Mi kifo inanijua kitambo. Inanisalimiaka."

Kutoka majanini niliona vizuri. Alikuja muzungu wa Bula Matari, mwembamba, mwenye kitambaa cha kupangusa shingo, na karani wake. Wakapanga meza mbele ya tanuru, na juu ya meza wakaweka mahitaji ya mfanyakazi: mfuko wa unga, samaki wakavu, chumvi, chupa ya mawese, kipande cha sabuni, blanketi moja lililokunjwa. Kisha wakaita wanaume, mmoja mmoja.

"Bibi?"

"Hakuna, bwana."

"Batoto?"

"Hakuna. Mi niko peke yangu."

Muzungu akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo. Mama mmoja alisahau kuanua gauni la mtoto wake.

"Na hii?"

"Kitambaa ya kupangusa mikono, bwana," Tata Ilunga akasema.

"Kidogo hivi?"

"Batu ba matofali, bwana, mikono yetu inaisha na kazi."

Wanaume waliuma midomo wasicheke. Muzungu akatembea mpaka kwenye matofali mabichi yaliyoanikwa. Akainama. Juu ya udongo kulikuwa na nyayo ndogo.

"Na hii, nani alikanyaga?"

"Nyani, bwana," akasema Tata Ilunga tena.

"Nyani?"

"Nyani ya Kolwezi, bwana. Inafanana sana na mutu."

Baba yangu aliitwa wa mwisho. Naye akasema vilevile. Nilimsikia kwa masikio yangu haya: hana mke, hana mtoto. Mama alikuwa karibu nami, amemfunika mdomo Yav, mdogo wetu wa mwisho. Hakutikisika.

Muzungu akatangaza. Mshahara utapimwa kwa mtu mmoja: unga wake, samaki wake, blanketi lake moja. Kesho atarudi kuuthibitisha mbele ya mwajiri. Na kwa kuwa hii ni kambi ya watu wasio na jamaa, mwanamke atakayekutwa humo kuanzia kesho atapandishwa gari arudishwe kwao.

Hapo ndipo Mama Mbombo alipoisogelea ile meza. Aliitazama kwa muda. Akasema polepole, lakini kila mtu alisikia:

"Blanketi moya. Sabuni moya. Mufuko ya bunga yenye hakuna mutu wa kula naye. Hivi njo tunapangaka bitu ya marehemu."

Wanaume wakaitazama tena ile meza, na kicheko kikawafia kooni. Lile blanketi lililokunjwa, mwanangu, lilikuwa limelala kama mtu. Watu wa Bula Matari wakalikusanya na vingine, wakaingia gari lao, wakaenda.

Tulitoka majanini jua likiwa linashuka. Hakuna aliyetuita. Nilidhani tutacheka, tutahadithiana. Lakini baba zetu walitazama juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Nilimpelekea baba maji. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Yav alimshika mguu akilia abebwe, naye akasimama vile, kama nguzo, mikono imening'inia. Alikuwa ameshasema hatupo. Neno lilikuwa limeshatoka, na sasa aliogopa kulivunja.

Nikajigusa mkono. Ulikuwa baridi. Nikamuuliza mama, "Mama, shiye tuko?" Yaani, je, sisi tupo? Mama alikuwa anafunga kitenge chake na sufuria moja, mzigo wa safari ya Kapanga.

Mama Mbombo akauona ule mzigo. Akaenda kwa wanaume waliokaa kando ya tanuru, akasimama mbele yao na fimbo yake.

"Banaume ya hapa. Munafikiri mulificha batoto kwa kifo? Kifo inajua kila nyumba, haiulizake mutu. Mwenye hajue ni ule mwenye kupima bunga. Ule njo mulimuficha batoto! Mufuko yenye imefungwa, nani atatia bunga ndani?"

Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio cha mama zetu kilikuwa kimeanza kusikika kutoka nyumbani. Halafu baba yangu akainua kichwa.

"Mama, mi nilishahesabu mara moya. Kapend eko wapi?"

Mzee yule alikuwa mkali, lakini hapo sauti yake ilishuka.

"Nawej, mwanangu. Kapend alikufa na maji ya ile shimo munachimbaka udongo. Batoto banakunywa mule. Hakukufa na bidole yako." Akaegemea fimbo yake. "Na nani alisema muhesabu? Mi sikusema. Sahani haina roho. Kesho kila mutoto alete sahani yake, aiweke chini, akae nyuma yake. Mwenye kupenda kuhesabu, ahesabu sahani."

Asubuhi ilikuja na ukungu, na moshi wa tanuru ukashuka ukachanganyika nao, hata hukuona miguu ya mtu. Gari la Bula Matari lilipofika, tulitoka katika huo moshi, mama na watoto, bila neno. Mwenye sahani, mwenye kikombe, mwenye nusu ya kibuyu. Tukaviweka chini mbele ya meza, tukakaa nyuma yake. Kitambaa cha muzungu kikasimama shingoni. Karani akaanza kupita, ananyooshea kalamu kila chombo, midomo yake inacheza.

Mama aliweka sahani yangu na kikombe cha Yav. Karani alipotufikia, akasimama.

Kati ya sahani yangu na kile kikombe kulikuwa na sahani nyingine. Ya bati, imeshika kutu pembeni, imetobolewa katikati. Ndani yake kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi.

Mama alimtazama baba. Baba alimtazama mama. Nikaona kila mmoja anasoma usoni mwa mwenzake kwamba si yeye aliyeileta. Kambi nzima iliijua ile sahani. Ndani ya tanuru kuni zikapasuka, basi.

"Hii ni ya nani?" karani akauliza.

Jana yake baba yangu aliwakana walio hai. Sasa aliulizwa juu ya aliyekufa, na angeweza kusema, bwana, hiyo ni takataka, imetoboka. Akageuka kuitazama nyumba yetu. Mzigo wa mama ulikuwa mlangoni, umeshafungwa.

"Ya mutoto wangu," akasema.

"Eko wapi?"

Baba akaonyesha kichuguu kwa kidevu. "Pale. Jina yake Kapend. Huyu ni Mujing. Huyu ni Yav. Na ule ni bibi yangu, Kasang."

Mwanangu, aliposema jina langu, "Mujing", mbele ya mgeni, nilisikia ardhi inarudi chini ya miguu yangu. Akamwinua Yav, akamweka begani. Na wanaume wengine wakasogea, kila mmoja nyuma ya sahani zake, wakataja. Tata Ilunga akataja watu wake mpaka akalia, yeye mwenye nyani zake. Kidole kimoja hakinawi uso. Angetaja baba peke yake, pengine wangemfukuza.

Muzungu alidhani Kapend anacheza kichuguuni. Hakuna aliyemweleza.

Mshahara uliowekwa ulikuwa mdogo, nisikudanganye. Bula Matari hakuwa mjomba wetu. Lakini ndani yake mlikuwa na unga wa mke na unga wa kila mtoto, na mwajiri hakuweza kushuka tena. Mama akafungua mzigo wake. Upande wa pili wa kichuguu hawakuuchimba.

Na kila siku ya posho, kapita aliita unga wa watoto wa Nawej, na fungu la Kapend lilikuwamo. Mama hakulila, wala hakulikataa. Alilipika kando, akaliweka nje kwa mtoto yeyote mwenye njaa. Walikuja. Wengine sikuwajua majina, na wewe wanijua, mimi jina la mtu halinipotei.

Jambo moja zaidi. Siku ile, baada ya gari kuondoka, tulikuta nyayo ndogo juu ya matofali mabichi. Zilitoka kichuguuni mpaka ilipokuwa meza. Za kurudi hazikuwapo. Mama akamwekea Yav mguu juu ya mojawapo, na mguu wa Yav ulikuwa mkubwa mno. Hakuna aliyetaja nyani. Matofali yale yalichomwa pamoja na mengine, yakauzwa. Yamo ndani ya ukuta wa nyumba fulani mjini, hata leo, na watu wanalala humo.

Nani aliileta ile sahani? Mama aliapa mpaka kufa kwake kwamba si yeye. Baba vilevile. Nilimuuliza Mama Mbombo, akaniambia tu, "Mwenye njaa anajua njia."

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mshahara hupimwa juu ya mwili wa mtu fulani. Ukisema uko peke yako, watampima mtu wa peke yake, watampa unga wake na blanketi lake, na meza yako itapangwa kama ya marehemu. Wala si wewe tu. Na atakayekuja nyuma yako watampima kwako. Usiwafiche watu wako kwa mwenye kupima. Rudi kwa huyo patroni, wala usiende peke yako. Nenda na wenzako walioandikwa nawe, maana najua nao wamesema vilevile, na kila mmoja ataje wa nyumbani kwake. Kama kazi itapotea kwa hilo, tutakula sombe ya majani ya muhogo hapa pamoja, tukiwa tunaonana.

Jana uliposema lile neno, ukacheka, Kaj aliteremka mapajani mwako. Akaenda kusimama mlangoni, akawa anajitazama mikono. Wewe hukuona. Mimi niliona, na najua alikuwa anauliza nini.

Mungu wa baba zetu akupe meza yenye sahani nyingi, na zote ziwe nzima, bila tundu. Akupe sauti ya kutaja watu wako mbele ya mkubwa yeyote. Jumapili uje ule hapa. Mlete Kaj, umshike mkono njiani, na ukifika mlangoni umwite kwa jina lake, kwa nguvu, nisikie.