Picha ya Tumbo Aliyoishona Persis

Simu ya hospitali ilinikuta Itumbe, nikiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. "Wewe ni ndugu ya mwalimu Persis? Pole. Ametuacha." Nilimwomba Mungu anipe machozi, nikapata hasira.

Dada yangu alifundisha sayansi katika shule ya msingi karibu na Birongo. Darasani mwake mlikuwa na Nyanchoka, msichana asiyeona. Siku moja Nyanchoka aliuliza, "Madam, mtoto akiwa tumboni, ugali haumwangukii kichwani?"

Darasa likaangua kicheko.

"Wewe Duke unayecheka sana," Persis alisema, "njoo utuchoree anapokaa."

Duke akamchora mtoto katikati ya chakula. Kumbe kwa mahali pa chakula na pa mtoto wote walikuwa na neno moja tu: tumbo.

Persis akachukua gunia akashona mwili wa mama. Utumbo ulikuwa kamba ya katani, mfuko wa chakula kipande cha ngozi, na mji wa mimba, kitambaa laini, ukakaa mahali pake peke yake. Nyanchoka alipapasa, akasema, "Aa! Ni vyumba viwili!" Hata Duke, ambaye kusoma kulimshinda, alieleza yote kwa kidole bila kukosea.

Mwalimu mkuu, Onyiego, mzee wa kanisa, akaiona picha hiyo ya gunia. "Uchafu huu! Unawashonea watoto sehemu za siri?" Akaitupa chooni. Chooni! Mwili alioumba Mungu mwenyewe.

Persis alishona nyingine akiwa tayari mgonjwa. "Ifike darasani," aliniambia wodini.

Mazishini Onyiego alishika maikrofoni akamwita dada yangu mwalimu mbunifu, taa ya shule yetu. Alipoketi nikamfuata.

"Mwalimu, picha hii utaipokea?"

"Ndugu yangu, hayo ni mambo ya ofisi. Iache tu, tutaona." Macho yake yalikuwa kwenye sufuria za nyama.

Nikampelekea Nyanchoka, aliyeketi na wanafunzi wenzake. "Ni yako. Jumatatu ingia nayo darasani."

"Na mwalimu mkuu akiitaka?"

"Akuombe mbele ya darasa zima, aseme ni ya nini."

Akacheka kidogo, akaikunja ndani ya sweta.

Pasta aliomba. Vijana wa kanisa waliteremsha jeneza kando ya boma la baba, karibu na migomba. Mama alitupa udongo, kisha mimi, kisha wanafunzi. Tuliimba wimbo wa ufufuo. Kaburi likafukiwa, watu wakaenda kunawa mikono.